Ugali, Dagaa na Kongosho: Utangulizi wa Taaluma ya Kisukari na Chakula Kanda ya Ziwa

Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929. Alianzia kazi Kenya, kisha akahamia Mulago, Kampala, na hakuondoka huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wodi zake zilijaa malaria, kifua kikuu na watoto wenye utapiamlo. Ni mmoja wa waliotusaidia kuuelewa ugonjwa wa kwashakoo. Wagonjwa wa kisukari aliwaona wachache mno. Aliporudi kwao alikuta ugonjwa huo umejaa hospitalini, na swali likamganda: watu wa kule ziwani wanakula wanga mchana na jioni, mbona sukari haiwasumbui? Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyepitia naye Mulago, walitoa kitabu chenye jibu lao. Kinacholeta balaa, walisema, si wanga wenyewe bali ni wanga uliokobolewa ukavuliwa makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya.

Hoja yao ina matundu. Watu aliowatibu Trowell walitembea maili nyingi kwa miguu, walilima kwa jembe la mkono, na wengi walikufa kabla ya kufikia umri ambao kisukari huanza kubisha hodi. Huwezi kuyapa makapimlo sifa zote hizo. Hata hivyo jambo moja linabaki palepale: mojawapo ya mawazo makubwa ya taaluma ninayokukaribisha lilichotwa katika vyungu vya watu wa ziwa hili, likapelekwa Ulaya, na leo linaturudia likiwa kwenye vipeperushi vya kigeni vinavyomshauri mgonjwa wa Nansio kisiwani Ukerewe ale shayiri na brokoli. Mgonjwa hukikunja kipeperushi akafungia karanga, nami simlaumu.

Karibu, basi. Ninayemkaribisha ni mwanafunzi wa lishe wa mwaka wa kwanza, muuguzi wa zahanati ya kisiwani, mama lishe wa Kirumba jijini Mwanza anayetaka kujua kwa nini wateja wake wanaanza kuomba chai isiyo na sukari, na mgonjwa mwenyewe, ambaye ana haki ya kuijua taaluma hii kuliko sisi sote. Nitakayoyasema si orodha ya vyakula vilivyoharamishwa. Orodha za namna hiyo zipo tele, na zimeshindwa.

Kwanza tuseme kwa ufupi mwili unafanya nini. Wanga wote tunaokula, uwe wa ugali, wali, muhogo au ndizi, humeng'enywa ukawa glukosi na kuingia katika damu. Kongosho huhisi glukosi imepanda na kutoa homoni ya insulini, ambayo huwezesha misuli na ini kuichukua. Katika kisukari aina ya 1, kongosho huacha karibu kabisa kutoa insulini. Aina hii mara nyingi huwapata watoto na vijana, na bila sindano za insulini hakuna maisha. Katika aina ya 2, insulini ipo lakini mwili hauitikii vizuri, au haitoshi, au yote mawili. Kipo pia kisukari cha mimba. Mtu akipimwa kabla ya kula chochote asubuhi na sukari yake ikawa milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, huyo ana kisukari. Mengine ya fiziolojia utayasoma darasani.

Chakula kimekuwa na historia ya ajabu katika ugonjwa huu. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, tiba pekee iliyokuwa na maana yoyote ilikuwa njaa: daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapa wagonjwa chakula kidogo mno ili wasogeze siku, na watoto walikonda hadi wakafa. Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alichomwa insulini akapata nafuu, na njaa ikakoma kuwa dawa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1981, David Jenkins na wenzake, hukohuko Toronto, walianza kuvipanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari ya damu. Kazi hiyo ilionyesha wazi kwamba vyakula viwili vyenye wanga sawa vinaweza kutenda tofauti kabisa mwilini. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokaribia kupata kisukari, walipobadili mlo, wakapunguza uzito kidogo na kutembea, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Mlo na kutembea vilifanya kazi kuishinda dawa, na tangu hapo hakuna anayeweza kuuita ushauri wa chakula kuwa ni porojo za kupoteza muda wakati foleni ya dawa inasogea.

Nchini kwetu taaluma ilipata mizizi katika miaka ya 1980. Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa mwaka 1985. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Andrew Swai, walichapisha matokeo ya kupima maelfu ya watu katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na Mara ni ziwa letu hili. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 9 katika kila 100. Vipimo na umri wa waliopimwa havilingani, kwa hiyo usiziweke namba hizi mbili kwenye mstari mmoja ukatangaza kwamba ugonjwa umeongezeka mara kumi. Lakini hakuna muuguzi wa hospitali ya Bugando wala ya Sekou Toure anayehitaji takwimu kuambiwa kwamba umeongezeka.

Mwanza imechangia kitu chake katika elimu hii, tena kitu cha kuvuruga vitabu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa mjini ukilinganisha wagonjwa wa kifua kikuu na majirani zao wasio nacho. Kisukari kilikutwa kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa asilimia 9.4 ya wale wengine. Sukari ikipanda kinga hushuka, na kifua kikuu kinapata mlango. Baadaye watafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wao waliwachunguza watu wazima wa mkoa huu, wengi wakiwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakaona kwamba kisukari hapa kinahusiana sana na kongosho lililochoka, lisilotoa insulini ya kutosha. Picha ya kisukari aina ya 2 inayochorwa kila mahali ni ya mtu mnene mwenye kitambi. Kliniki zetu zinamjua pia mgonjwa mwingine: mwembamba, mashavu yamebonyea, pengine aliyepitia utapiamlo utotoni. Aprili 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuutambua ugonjwa unaotokana na utapiamlo kuwa aina ya pekee, aina ya 5. Mabishano juu ya mipaka yake yanaendelea, na ni mabishano mazuri.

Nimelikazia hili kwa sababu linageuza kabisa ushauri wa chakula. Mgonjwa mnene wa Nyamagana anayeketi dukani kutwa anahitaji kupunguza anachokula, na kupungua kilo chache kutamsaidia sana. Mwembamba wa Magu akiambiwa hayohayo ataumia. Hebu sikiliza mazungumzo ambayo kila kliniki inayajua:

"Mayu, acha ugali."

"Sasa nile nini, daktari?"

"Kula mboga."

Anarudi baada ya miezi mitatu sukari imeshuka kidogo, na kilo nazo zimeshuka, na nguvu ya kushika jembe hana. Huyu alipaswa kuambiwa aongeze: karanga, njugu mawe, choroko, maziwa mgando yasiyotiwa sukari, mayai, dagaa, parachichi; ugali abaki nao kwa kiasi; na daktari aangalie kama wakati wa insulini umefika. Ushauri wa mlo unaotolewa kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye mizani ni kubahatisha.

Sasa twende jikoni, mahali ambapo taaluma hii inaishi hasa.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya wanga, na sioni sababu ya kuona haya. Kuna ugali wa mahindi, ugali wa muhogo wa Ukerewe na Sengerema, wali wa mpunga wa Magu na Misungwi, ndizi zinazovuka kutoka Kagera, na viazi vitamu vya Usukuma ambavyo huanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa. Kosa la kwanza la wageni wa taaluma ni kuvigawa hivi kuwa vizuri na vibaya. Yapo maswali manne yenye faida zaidi: kiasi gani, kimesagwa vipi, kimepikwa vipi, na kimeliwa na nini.

Chukua dona. Mahindi yakikobolewa hupoteza ganda na kiini, na humo ndimo yalimo makapimlo, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Dona hubaki na vyote hivyo, kwa hiyo ni bora kuliko sembe, hapo hatubishani. Lakini dona lililosagwa laini likapikwa likaiva nalo humeng'enywa upesi, na ubora wake hausamehe matonge ya ziada. Utamsikia mgonjwa akijisifu kwamba nyumbani kwake sembe haiingii, na sahani yake ukiiona, dona limesimama kama mlima wa Isamilo. Ulezi na mtama vimepata sifa hiyohiyo ya uongo. Punje zake zina mengi mazuri, ila uji wa ulezi ni wanga uliokwisha kusagwa, kuchemshwa na kuyeyushwa. Hauna cha kuuchelewesha tumboni. Watu huunywa kikombe kizima cha nusu lita wakiamini wanakunywa dawa, tena wameuwekea sukari. Muhogo nao, ukishakuwa unga mweupe, ni wanga mtupu karibu wote, na ugali wake ndio ninaoomba upunguzwe kuliko yote.

Kinyume chake ni makande. Punje nzima za mahindi zilizochemshwa pamoja na maharage au kunde hubaki na ganda lake, hutafunwa, hushuka polepole, na maharage yanaleta protini na makapimlo yake. Ajabu ni kwamba makande tumeyafanya chakula cha shule za bweni na cha siku mfuko ukiwa mtupu, huku wali mweupe ukipewa heshima ya Jumapili. Kwa kongosho cheo kingegeuzwa.

Viazi vitamu vina somo lake. Kilichochemshwa hupandisha sukari taratibu kuliko kilichochomwa au kuokwa, kwa sababu joto kavu hubadilisha wanga wake zaidi. Michembe ni kiazi kilichopoteza maji: kiganja kimoja cha michembe kina wanga mwingi kuliko kiganja kimoja cha kiazi kibichi, na anayepima kwa macho hudanganyika. Ukiipika pamoja na karanga, kama wengi wanavyofanya, unapata mlo unaoshibisha kwa kiasi kidogo, na hapo bibi zetu walikuwa mbele ya maabara. Kiporo pia kina faida yake, ndogo lakini ya kweli: wanga uliopoa hugeuka kwa sehemu ukawa mgumu kumeng'enywa. Usijenge juu yake matumaini makubwa.

Swali la nne, la kinacholiwa pamoja na wanga, ndilo linalonipa matumaini zaidi nikiwa mtu wa hapa. Samaki hana wanga kabisa. Sato, sangara, kambale, kamongo, furu: wote hawapandishi sukari. Dagaa tunamla mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo analeta protini na kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo, na soko lake kubwa, Mwaloni Kirumba, liko hapahapa. Tatizo huanza kwenye karai la mafuta. Samaki aliyekaangwa hadi akakauka, katika mafuta yaliyotumika tangu juzi, huongeza mzigo wa nishati usio na sababu. Aliyechemshwa kwa nyanya na ndimu, au kuchomwa, hana kesi. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kukatwa viwandani kwa ajili ya soko la nje, huuzwa yakiwa yamekaangwa kwa sababu ndiyo njia ya kuyahifadhi. Anayenunua mapanki si kwamba hajui minofu ni bora. Yeyote anayefundisha lishe Mwanza bila kutaja bei ya samaki ajue anawafundisha wenye nacho peke yao.

Kisha mboga: mgagani, mlenda, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mchicha, na nsansa iliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Ute wa mlenda ni makapimlo ya aina inayoyeyuka, ambayo huchelewesha glukosi kuingia katika damu. Kanuni inayofundishwa kote duniani ni nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga. Kwetu sahani hii imepinduka: wanga nusu na zaidi, mboga za kulainishia tonge. Kuipindua tena hakuhitaji duka la vyakula vya afya. Kunahitaji sufuria ya mboga iwe kubwa kuliko ya ugali. Anayeona hilo gumu aanze na utaratibu wa kula: mboga na samaki kwanza, ugali baadaye. Tafiti zimeonyesha kwamba chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huo hupandisha sukari kidogo. Na baada ya kula, kutembea dakika 10 au 15 huwezesha misuli kuchukua glukosi. Mkazi wa Mabatini anayepanda mawe kwenda kwake tayari analipwa faida hiyo bila kujua.

Vinywaji nitavipitia haraka kwa kuwa havina utata. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Anayekunywa chai tatu kwa siku, kila moja vijiko vitatu, amefikia hapohapo bila kugusa soda. Juisi ya miwa ni sukari na maji. Embe na nanasi vinaliwa, kipande na si sinia, na vilivyo vizima ni bora kuliko juisi yake. Kuacha sukari ya kwenye kikombe ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Hapa lazima niweke onyo ambalo si la mapambo. Chakula na dawa vinakwenda sambamba. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi kisha akaruka mlo anaweza kushukiwa na sukari hadi chini ya milimoli 4: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dawa yake, mtu akiwa bado na fahamu na anaweza kumeza, ni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, mara moja, kisha chakula. Mfikirie mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa hiyo kwa siku kadhaa kila mwezi mtu huyu analala mchana, anavuta nyavu usiku, na mlo wake mkubwa ni kabla ya machweo. Karatasi inayosema "asubuhi na jioni" haimwambii kitu. Anahitaji kukaa na muuguzi wapange upya saa za sindano kwa kalenda ya mwezi, na mfukoni asikose sukari ya kufungwa kwenye nailoni, kwa maana katikati ya ziwa hakuna kioski. Vilevile asiache dawa kwa sababu ya mizizi au unga wa majani aliouziwa stendi. Na wenye figo zilizoathirika wana mlo wao tofauti. Hao wapewe ushauri na wataalamu wanaowatibu.

Sehemu ya mwisho ya taaluma hii haipo kwenye vitabu vya tiba: ni nani anapika, na nani anapakua. Baba anayeugua akipikiwa sufuria yake peke yake, atavumilia wiki tatu, kisha atarudi kwenye sinia la wenzake. Mama anayeugua hapikiwi kabisa. Anapika vya wote na kula kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni ugali. Misibani na harusini kuna pilau na soda, na kukataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Ndiyo maana napendelea kuzungumza na kaya nzima, na kupendekeza mlo ambao hata asiye mgonjwa angeukubali. Mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani, hivyo sufuria moja inatibu wawili.

Msomaji anayetaka kuanza kazi atafute majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008. Yatamwambia michembe ina wanga kiasi gani. Hayatamwambia michembe inafanya nini katika damu ya mama wa Kwimba mwenye miaka 50, akiila na karanga baada ya kutoka shambani. Jibu hilo hupatikana kwa kipimo cha kidole kabla ya mlo, kingine saa 2 baadaye, na daftari lenye mistari ya siku, chakula, kiasi na namba. Kwa watu wazima wengi tunataka namba ya pili isifike 10. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo usipime ovyo: chagua mlo mmoja unaoliwa mara nyingi zaidi nyumbani, uupime kama ulivyo, kisha wiki inayofuata uupime tena ukiwa na ugali pungufu na mboga maradufu. Anza na huo.